Sifuri Kati ya Rwagesi na Kisambu

Siku mbili kabla ya washenga kufika kwao Kitaji, mjini Musoma, Prudence alifanya kosa ambalo msichana mwingine yeyote anayengoja kuposwa asingelifanya. Alibeba kompyuta yake mpaka kwa bibi wa mchumba wake, akaenda kuuliza kwa nini.

Tumsamehe kidogo. Mapenzi humfanya mtu mmoja aimbe, mwingine ajipodoe. Prudence yalimfanya achape kazi. Mwaka mzima na ushee alikuwa akizunguka Musoma, Bunda na Butiama akihesabu watu waliohama: nani katoka kijiji gani, kaenda wapi, na kafuata nini, masomo, kazi au ndoa. Hesabu aliyokuwa akiitumia iliitwa modeli ya mvutano, na ukimpa nafasi alikueleza mpaka chai ikapoa. Mahali penye watu wengi huvuta watu, na umbali huwazuia. Zidisha watu wa huku kwa watu wa kule, gawanya kwa umbali, utapata takriban wangapi watahama.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyomkutanisha na Nyamhanga, bwana shamba wa pamba kule Bunda. Alikwenda ofisini kwake kuomba orodha ya vijiji, akamweleza modeli yote toka mwanzo mpaka mwisho, naye Nyamhanga akasikiliza kwa makini huku ameshika faili kichwa chini miguu juu.

"Sasa," Nyamhanga alimuuliza, "hesabu yako inasemaje kuhusu mtu wa Bunda anayetaka kwenda Musoma kila Ijumaa bila sababu?"

"Inategemea na umbali."

"Umbali naujua. Wewe nijibu hiyo ya kila Ijumaa."

Prudence alicheka mpaka akaangusha kalamu. Ijumaa iliyofuata kijana akafika Kitaji na pikipiki yake, shati limejaa vumbi la barabarani, na tangu siku hiyo hakukosa hata Ijumaa moja. Miezi kumi na minne. Mama mwenye nyumba ya jirani alishaacha kuangalia kalenda.

Sasa ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri, na wawili hao walikuwa Kisambu, kijijini kwa kina Nyamhanga wilayani Bunda, wamekaa barazani kwa Bibi Marieta. Bibi alikuwa na turubai mbele yake na rundo la pamba. Alikuwa akichambua, nyeupe huku, iliyoingia doa kule, safi na fifi, na vidole vyake havikuhitaji msaada wa macho. Ndiye aliyemlea Nyamhanga tangu ana miaka minne, mama yake alipofariki. Baba alikwenda kutafuta maisha na maisha hayakumrudisha.

"Mke mwenzangu," Bibi alimwambia Prudence, maana tangu siku ya kwanza alimtania hivyo, "hicho kidude umekileta cha nini? Umekuja kunihesabu na mimi?"

"Nimekuja kukuuliza kitu kimoja tu, bibi. Kimeninyima usingizi."

"Kumbe huyu mume wetu siye anayekunyima."

Nyamhanga akajifanya anakagua pamba. Masikio yalikuwa yamemwiva.

Prudence aligeuza kompyuta ili Bibi aone ramani. Mistari ilitoka kijiji hadi kijiji, minene na myembamba. "Hii ni mistari ya ndoa tu, bibi. Wanawake walioolewa wakahama kwao. Ona hapa, Kibara, kule ziwani. Ni mbali, lakini wanawake kumi na mmoja wametoka Kibara wameolewa hapa Kisambu."

"Kumi na wawili. Mmoja alirudi kwao Pasaka. Mume alimshinda."

"Haya, kumi na wawili. Sasa angalia Rwagesi." Aliweka kidole ng'ambo ya mpaka wa wilaya, upande wa Butiama. "Rwagesi ni hapo tu. Mtu anaweza kwenda kwa mguu na kurudi. Kijiji kikubwa, watu ni wakulima na wafugaji kama nyie, kanisa mnasali moja. Hesabu inasema wanawake thelathini na mmoja wa Rwagesi wangekuwa wameolewa hapa. Unajua wako wangapi?"

Vidole vya Bibi Marieta vilisimama juu ya pamba.

"Sifuri," alisema Prudence, na ushindi ulikuwa umemjaa usoni kama mtoto aliyepata zawadi. "Hata mmoja! Na wa hapa walioolewa Rwagesi, sifuri. Nilidhani Bernado, kijana wangu wa dodoso, alikaa kilabuni akajaza majibu kichwani. Nikamrudisha mara mbili. Mara ya tatu nikaenda mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Sifuri. Mwalimu wangu wa chuo anasema nifute hivyo vijiji, vinaharibu hesabu. Mimi nimekataa. Nimemwambia watu hawafanyi sifuri bila sababu."

"Ulimwambia kweli," Bibi alisema taratibu.

"Kwa hiyo kuna sababu?"

"Bibi, kama hujisikii..." Nyamhanga alianza.

"Acha. Huyu ameuliza vizuri. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyeniuliza hii maneno." Bibi Marieta akajifuta mikono kwenye kitenge. "Ilikuwaga njaa. Mama yangu mwenyewe alikuwa hajazaliwa. Watu wa Rwagesi walikuja hapa na watoto migongoni, wengine wamebeba watoto waliokwisha kufa na hawajui. Na wakati ule, mwanangu, mtu mwenye njaa alikuwaga na kitu kimoja tu cha kutoa. Anatoa binti. Kapu la mtama, binti. Hapa Kisambu wazee walikaa, wakasema sisi hatutanunua mtoto wa mtu kwa kapu la mtama. Tutawapa kula, na huyo binti ni dada yetu. Wakaapa. Hapa hatuoi Rwagesi, na Rwagesi hawaoi hapa, mpaka jua lizime. Ili mwanamke wa kule asije akaambiwa kwenye nyumba ya mtu, wewe tulikununua kwa mtama."

Prudence alisahau kuandika. Alikuwa ametafuta barabara mbovu, mto usio na daraja, ugomvi wa ng'ombe, na kumbe ndani ya ile namba palikuwa na heshima ya watu.

"Lakini bibi," aliuliza kwa sauti ndogo, "miaka yote hii hakuna hata mmoja aliyejaribu?"

Bibi Marieta akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la msichana, likakaa vibaya kwenye uso ule wenye mikunjo.

"Keraryo," alisema. "Wa Rwagesi. Alikuwaga anakuja mnadani na ng'ombe wa baba yake, anapita hapa hata kama njia yake siyo hii. Alikuwa na meno, mwanangu, acha tu. Nilimpenda mpaka nikakonda, mama akadhani nina minyoo." Akaokota bonge la pamba, akalitazama, asiliweke popote. "Nilimwacha. Mimi nimo ndani ya hiyo sifuri yako. Wewe unaona hakuna mtu. Mimi nimo."

Nyamhanga alikuwa akimtazama bibi yake kama anamwona kwa mara ya kwanza. Miaka thelathini na miwili aliishi naye, jina la Keraryo hakuwahi kulisikia.

Na hapo hapo Prudence alikumbuka karatasi.

Lilikuwa dodoso lake la kwanza kabisa, namba moja, la majaribio. Alimhoji baba yake mwenyewe sebuleni Kitaji, wakicheka wote wawili. Mzee Stanislausi, muuza sato na dagaa wa Musoma, ambaye akiulizwa kwao hujibu siku zote kwamba kwao ni Musoma. Siku ile alijibu sawasawa kwa kuwa karatasi ilitaka ukweli. Mahali pa kuzaliwa: Rwagesi, Butiama. Umri alipohama: miaka sita, na mama yake, baada ya ndugu kugombania ng'ombe wa marehemu baba. Hakurudi tena. Prudence aliandika kwa mkono wake, akaingiza kwenye kompyuta, akapita. Aliiona kama data.

Akaifunga kompyuta.

"Na wewe, mke mwenzangu," Bibi Marieta alikuwa akisema, amerudi kwenye pamba yake, "Jumamosi wazee wanakuja kwenu na mimi sijawahi kuuliza vizuri. Baba yako kazaliwa wapi?"

"Kitaji, bibi," Nyamhanga alijibu kwa furaha. "Ni watu wa mjini hao, si nilikwambia?"

Prudence aliiangalia miguu ya Bibi. Akaomba ruhusa akachukue chaja kwenye pikipiki. Hapakuwa na umeme barazani, na chaja hakuja nayo.

Nyamhanga alimfuata mpaka kwenye boma la ng'ombe, ilipokuwa pikipiki.

"Pru, vipi? Umebadilika rangi."

"Baba amezaliwa Rwagesi."

Alicheka. Halafu akaona hakuna anayecheka naye.

"Usinitanie hivyo."

"Nimemwandika mwenyewe. Namba moja. Nyamhanga, mimi ni mtoto wa Rwagesi."

Alivua kofia, akaivaa tena. Alizunguka pikipiki kama vile kuna kitu kimeharibika upande wa pili. Aliporudi alimshika mabega yote mawili kwa mikono yake, ile iliyozoea kupima udongo na kufunga marobota.

"Sikiliza. Nani anajua? Mimi na wewe."

"Na baba."

"Baba yako amekaa miaka hamsini hajasema. Jumamosi ataulizwa, atasema Musoma kama kawaida yake. Tunaoana, tunakaa Bunda, mambo yanaisha."

"Na bibi?"

"Bibi ataishi miaka mingapi tena, Pru?"

Neno lilipomtoka alilisikia mwenyewe, akafumba macho. Prudence hakumkemea. Alimpenda hata hapo, na alimpenda kwa sababu ya ile aibu iliyompanda usoni.

"Ulimsikia alivyosema," alimwambia. "Alimwacha mtu aliyempenda."

"Basi hakumpenda kama ninavyokupenda wewe!"

"Usiseme hivyo."

"Nasema! Nimekuwa nikiamka saa tisa usiku Ijumaa kwa Ijumaa nimalize kazi mapema nije kwako. Nimenyeshewa. Nimeanguka pale darajani nikavimba shavu, nikakudanganya ni jino linaniuma ili usiogope. Leo uje uniambie kuna wazee waliokula mtama kabla hata ya mama wa bibi kuzaliwa? Wewe umesoma, Pru. Wewe ndiye unayesemaga watu wanakwenda kule wanakovutwa. Mimi nimevutwa! Sasa nifanyeje?"

Prudence alilia hapo. Hakulia vizuri, kamasi zilimtoka, na Nyamhanga akamfuta kwa mkono wa shati lake kama mtu afutaye mtoto. Walisimama wamekumbatiana, ndama wanawatazama. Alinusa pamba na petroli kwenye shingo yake. Aliwaza nyumba ndogo ya Bunda waliyokwisha kuiona, madirisha ya bluu, sehemu ya kuanika nguo. Aliwaza watoto. Kusema kweli aliwaza mpaka majina.

"Sawa," alisema hatimaye.

"Sawa nini?"

"Sawa, tusiseme."

Nyamhanga akashusha pumzi ndefu, akambusu kwenye paji la uso, na kwa muda ule mfupi, kutoka bomani mpaka barazani, Prudence alikuwa mke wake.

Bibi Marieta hakuwa kwenye pamba. Alikuwa amesimama mlangoni, amevaa kitenge kingine, kile cha kanisani, na mikononi ameshika kibuyu cha maziwa. Mkeka ulikuwa umetandikwa barazani, ule mpya.

"Nilikuuliza baba yako kazaliwa wapi," alimwambia Prudence, "ukaniangalia miguu."

"Bibi," Nyamhanga aliingilia, "tulikuwa tunaondoka, jua linakwenda..."

"Nyamaza, baba. Naongea na mwanangu."

Hakusema mke mwenzangu. Prudence alisikia utani ule ukimtoka mwilini kama nguo iliyovuliwa.

"Rwagesi, bibi," alisema. Alikuwa ameahidi kunyamaza, na ahadi haikudumu hata robo saa. Kumdanganya mtu mwingine angeweza. "Baba alizaliwa Rwagesi. Sikujua maana yake. Wallahi sikujua."

"Najua hukujua. Mtu anayejua haleti ramani."

"Basi ameshasema!" Nyamhanga alipaza sauti, sauti ambayo hajawahi kuipaza kwenye nyumba ile. "Ameshasema, na mimi namuoa. Bibi, mimi si mtoto. Hakuna damu hapa. Hakuna undugu. Hata kanisani watatufungisha, padri hana neno. Jumamosi nakwenda Kitaji na wazee, na wasipotaka nakwenda peke yangu!"

Bibi Marieta hakupandisha sauti. Aliketi ukingoni mwa mkeka, kwa shida, magoti yake hayakuwa mazuri.

"Mimi siwezi kukufunga kamba," alisema. "Ukienda, utakwenda. Nitakachokwambia ni kimoja. Mimi nilimwacha Keraryo kwa kiapo hiki. Nikaolewa na babu yako, nikamheshimu, nikamzika. Nikikaa harusini kwako nikala pilau, nitakuwa nilimwacha mtu yule bure. Siwezi, baba. Sitakulaani. Ila sitaingia kwenye nyumba yenu, na siku nikifa usije kunizika. Watu wengine watanizika."

"Bibi, usiseme hivyo."

"Nimesema."

Kisha akamgeukia Prudence, na uso wake ukalainika. "Mtoto wa Rwagesi akiingia nyumba ya hapa, mwanaume wa nyumba anampa maziwa. Akinywa, amekuwa dada, imekwisha, hakuna wa kumtazama vibaya. Keraryo aliniletea mimi hivyo, kwao, mbele ya mama yake, nikanywa. Na wewe mwanangu hakuna anayekulazimisha. Usiponywa, panda pikipiki mwende."

Akamnyooshea mjukuu wake kibuyu. Nyamhanga hakukipokea. Bibi aliendelea kukishika, mikono ya kizee ikaanza kuchoka, maziwa yakacheza ndani. Mjukuu alivumilia, akavumilia, mwishowe akakipokea ili tu Bibi asiumie mikono.

Prudence aliliona hilo.

Nyamhanga alipiga magoti mbele yake kwenye mkeka. Machozi yalikuwa yakimshuka waziwazi, hakuyajali.

"Usinywe," alimnong'oneza. "Pru, nakuomba. Twende zetu. Utanifundisha kukaa bila yeye, nitazoea. Usinywe."

Alisema hivyo kwa mdomo, na Prudence alimwamini kabisa. Ila mkono wake wa kushoto, ule usioshika kibuyu, ulikuwa umerudi nyuma, umeshika pindo la kitenge cha Bibi. Umelishika kwa nguvu, kama mtoto wa miaka minne anavyoshika. Yeye mwenyewe hakujua.

Prudence aliutazama mkono ule kwa muda mrefu. Aliona nyumba ya Bunda yenye madirisha ya bluu, na mwanaume ndani yake, mwema, mwaminifu, akikaa kimya kila Jumapili. Aliona siku itakayoletwa habari ya msiba kutoka Kisambu, na mume wake asiye na pa kwenda. Asingemlaumu kamwe. Angekuwa mpole tu, na angeisha taratibu, kila siku kidogo.

"Nakupenda," alimwambia. Alitaka alisikie neno hilo likiwa bado ni halali. "Nakupenda sana, Nyamhanga."

"Basi usinywe."

Alikichukua kibuyu. Maziwa yalikuwa mgando, baridi, yana harufu ya moshi. Alikunywa bila kupumzika, macho yamefumbwa, akimsikia Nyamhanga akitoa sauti ambayo hakuwahi kumsikia mtu mzima akiitoa. Bibi Marieta alikuwa amejifunika uso kwa kitenge chake cha kanisani, mabega yanamtikisika.

Kilipobaki kitupu, Prudence alijifuta mdomo. Akakirudisha kwa mikono miwili.

"Asante, kaka," alisema.

Nyamhanga alibaki amepiga magoti. Alimtazama, akatazama kibuyu, akamtazama tena. Halafu akainamisha kichwa, akaachia pindo la kitenge cha bibi yake, na akakipokea kibuyu kwa mikono yote miwili.